Kabla ya kukata tiketi, geuza mkeka

Mhariri,

Kurasa za safari katika magazeti yetu zina mtindo uliozoeleka: picha ya Istanbul jua likizama, bei ya tiketi, hoteli ya kufikia, kisha sifa kwamba huko kila kitu ni sanaa, hata kikombe cha chai. Hatuna ugomvi na msafiri. Atembeaye huona mengi. Ugomvi wetu ni na dhana inayopenyezwa humo kimyakimya, ya kwamba jicho la mtu hufunguka akishavuka bahari, na vitu vya nyumbani kazi yake ni kukaliwa, kufagiwa na kukunjwa. Sisi ni wasusi wa ukili, ule utepe mrefu wa kusukwa ambao vipande vyake hushonwa pamoja kuwa mkeka. Tunaomba nafasi ya kukieleza kitu kimoja tu cha nyumbani, mkeka wa ukindu, kwa vipimo vyake na kwa makosa yake, ili msomaji ajipime kama amewahi kuutazama ule anaoukalia.

Ukindu ni majani ya mkindu, mtende mwitu unaopenda kingo za mito na mabonde yenye maji. Jani linalofaa ni kuti changa la katikati, lililosimama wima likiwa bado limejifunga. Likishafunguka hukomaa, likawa gumu, na kila linapokunjwa hupasuka kwenye mkunjo. Mkindu huota kichaka, mashina mengi pamoja, lakini kila shina lina ncha moja tu ya kukulia. Anayekata kuti moja changa kwa kila shina na kuliacha linalofuata atarudi pale pale. Anayekata mpaka kwenye moyo ameliua shina hilo, na shina la mtende halichipui upya juu likishakatwa kichwa.

Kuti huanikwa juani siku kadhaa na kuachwa lipate umande wa usiku, mpaka ukijani utoke na kubaki weupe wa maziwa yaliyochemka. Mvua ikilikuta katikati ya kazi hiyo, au likifungwa mafungu kabla halijakauka vizuri, huota ukungu na kuacha madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni wala kufichwa na rangi. Mkeka wenye vidoadoa vyeusi hapa na pale haukuchafuka nyumbani kwako, ulizaliwa hivyo.

Rangi nayo ina adabu zake. Wa zamani walichemsha mizizi ya mdaa wakapata weusi, magome ya mkoko wakapata wekundu wa udongo, na manjano wakapata njano. Siku hizi wengi hutumia rangi ya unga ya dukani, na hilo si dhambi. Tatizo ni haraka. Maji yachemke kwanza, rangi ikorogwe iyeyuke yote, ndipo ukindu uingie ukiwa umekwisha kuloweshwa, kwa sababu ulio mkavu hunywa rangi kwa mabaka. Ukitolewa usuuzwe maji baada ya maji mpaka yatoke meupe, kisha ukaushwe kivulini. Hatua ya kusuuza ndiyo inayorukwa zaidi, na anayelipia ni mwenye kanzu nyeupe atakayeukalia mkeka huo na jasho la Ijumaa mchana.

Baada ya hapo ni kuchana, na hapa ndipo mkeka mzuri na mbaya vinapoachana njia, ingawa mtazamaji haoni kitu. Kila jani hutolewa uti wake wa kati, kisha huchanwa kwa ukucha, kwa sindano au kwa ncha ya kisu, kuwa chane. Chane zote za kazi moja ziwe na upana mmoja. Kwa nini? Chukua ukili wa chane 13, kila moja ikiwa na upana wa milimita 6.5. Kwa kuwa chane hukatiza ukili kwa mshazari, nusu zikienda kulia na nusu zikirudi kushoto, ukili huo utakuwa na upana wa karibu sentimita 6. Sasa ongeza kila chane sehemu mbili tu za kumi za milimita, yaani unene wa karatasi mbili za daftari. Ukili umepanuka kwa karibu milimita 2. Jicho halioni milimita 2. Tutaonyesha chini ziliko.

Ukili husukwa kwa mwendo wa kuchukua na kuruka. Ukichukua moja na kuruka moja, unapata miraba midogo, kitu kigumu chenye upenyo zaidi. Ukichukua mbili na kuruka mbili, mistari ya mshazari inajitokeza, ukili unalala laini na kushikamana zaidi. Chane ziwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa: kavu hupasuka, na zilizolowa mno huwa zimevimba, zikija kukauka zinasinyaa na kuacha mianya ambayo siku ya kusuka haikuwapo. Mnunuzi akilalamika kwamba mkeka "umeachia" baada ya mwezi, mara nyingi kosa ni la maji, wala uzi hauna hatia.

Chane inapofika ukingoni hukunjwa na kurudi. Inapokunjwa, hugeuka. Na jani la mkindu lina nyuso mbili, mmoja unang'aa na wa pili umefifia. Kwa hiyo chane zote zikipangwa sawa mwanzoni, zinazokwenda upande mmoja zitaonyesha uso unaong'aa na zinazorudi zitaonyesha uliofifia. Hii ndiyo sababu mkeka mweupe, usiotiwa rangi hata tone, una mchoro. Ukae upande wa dirishani uutazame, kisha uhamie upande wa mlangoni: mistari iliyokuwa myeupe imekuwa mizito, na ile mizito imeng'aa. Msusi anayechomeka chane mpya bila kuangalia uso wake huharibu mchezo huo, ukabaki na vipaku visivyo na mpangilio ambavyo wengi hudhani ni uchakavu. Watu hulipa kiingilio ughaibuni kuona mambo ya mwanga kama haya, yakiwa na maelezo ubaoni. Hapa hayana ubao, na mara nyingi yamefunikwa na godoro.

Sasa turudi kwenye milimita 2. Chane ya rangi inayoanzia ukingo wa kushoto wa ukili wa sentimita 6 hufika kulia baada ya kusonga mbele sentimita 6, na kurudi kushoto baada ya sentimita 6 nyingine. Basi mchoro hujirudia kila sentimita 12. Kwenye urefu wa pima moja, tuseme sentimita 180, hujirudia mara 15. Weka pembeni yake ukili wenye upana wa sentimita 6.2: wenyewe hujirudia kila sentimita 12.4. Mwanzoni michoro miwili imekaa uso kwa uso. Kila mzunguko wa pili unachelewa milimita 4, na baada ya mizunguko 15 umechelewa sentimita 6, nusu ya mchoro mzima. Pale ulipotaka ncha ikutane na ncha, ncha imekutana na bonde. Hakuna ushonaji wa kuliokoa hilo. Ukivuta ukili mmoja ufuate mwingine, mkeka unajikunja kama jani lililopigwa jua. Ndiyo maana msusi hodari hachani leo za leo na kesho za kesho. Huchana fungu zima, akapanga kwa upana, na kuweka kipande kimoja cha ukili wa kwanza kuwa cheo cha kupimia mpaka kazi iishe.

Tumalizie hesabu, maana bei ya mkeka hubishaniwa sana sokoni na watu wasioijua. Mkeka wa sentimita 180 kwa 120 unahitaji vipande 20 vya ukili wa sentimita 6, ambavyo ni mita 36, au pima 20. Kila chane inakwenda mshazari, hivyo njia yake ni ndefu kuliko ukili wenyewe: kwa mita 36 za ukili, kila moja ya zile 13 inasafiri karibu mita 51. Zote pamoja ni mita zaidi ya 660. Ikiwa chane moja inatoa sentimita 30 za kutumika, msusi amechomeka chane zaidi ya mara 2,000 katika mkeka mmoja wa kulalia mtu na mtoto wake. Hapo hujaongeza kipimo cha kupotea kwenye pindo.

Viungo hivyo 2,000 viko wapi? Geuza mkeka. Upande wa chini utaona vikia vidogo vilivyokatwa. Chane mpya huwekwa juu ya ile inayokaribia kwisha, zinasukwa pamoja hatua chache, kisha mkia hubakizwa chini na kukatwa baadaye. Msusi mzuri huvitawanya viungo; vikikutana vingi mahali pamoja, hapo ndipo mkeka utakapotoboka. Mikia ikikatwa fupi mno mapema, huchomoka. Ikiachwa mirefu, hunasa mchanga. Kama upande wa juu ni wa kupokea wageni, upande wa chini ni wa kupima fundi.

Kushona kuna sindano yake, shazia, na uzi unaofaa ni wa ukindu wenyewe. Uzi hupita ndani ya mikunjo ya kingo za kili mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu, ukajificha humo. Uzi wa nailoni una nguvu kupita ukindu, na hilo ndilo baya lake: mkeka ukivutwa, kinachokatika ni jani badala ya uzi, na jani halishoneki tena. Ukikaza sana, mkeka unafanya mawimbi. Ukilegeza, vidole vya miguu vinaingia. Msala wa mviringo, yaani mkeka wa kuswalia, una taabu ya ziada, kwa sababu ukili unazungushwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingo wa nje wa kila mzunguko ni mrefu kuliko wa ndani. Lazima wa ndani ubanwe kidogo kidogo. Hatuna namna ya kulieleza hilo kwa maandishi, ni mkono tu. Na jamvi, la miyaa, yaani majani ya mkoche, ni kazi nzito na nene zaidi. Halishindani na mkeka, hutandikwa chini yake au pale wanapokaa watu wengi.

Anayenunua asione haya kukagua. Autandike chini bila kuukanyaga aone kama pembe zinalala zenyewe. Aunyanyue mbele ya mwanga: nuru ipenye kwa vitobo vidogo vinavyolingana, si kwa mistari mirefu penye mshono. Alowanishe ncha ya kitambaa cheupe na kusugua rangi iliyokolea. Kisha afuate chane moja ya rangi kwa kidole toka ukingo hadi ukingo, avuke mshono, aone kama mwenziwe wa ukili wa pili anampokea. Anunue upendavyo moyo wake, lakini akiomba apunguziwe nusu ya bei, ajue ni sehemu gani ya zile mita 660 anayoiomba bure.

Tunajua jibu litakalokuja: kwamba haya ni maneno ya watu wasiosafiri. Basi tuzungumzie Japani, ambako wageni huvua viatu kwa heshima kubwa ili wakanyage mkeka. Tatami ina uso wa majani ya igusa yaliyofumwa, na ya asili huwa na kiini cha mabua ya mpunga, unene wa karibu sentimita 5. Vyumba hupimwa kwa idadi yake. Kipimo cha Kyoto ni kama sentimita 191 kwa 95.5, na kile cha upande wa Tokyo kama 176 kwa 88, kwa hiyo chumba cha mikeka sita cha Kyoto ni kikubwa kuliko cha mikeka sita cha Tokyo. Taian, chumba cha chai karibu na Kyoto kinachohusishwa na Sen no Rikyū, bingwa wa chai wa karne ya 16, ni cha mikeka miwili tu, nacho ni hazina ya taifa. Hayo yote ni mazuri kweli. Lakini mtu aliyewahi kujiuliza kwa nini mkeka wa kwao unabadilika rangi anapohama upande, akifika Kyoto ataona mara moja kwamba tatami mbili zilizolazwa kwa kupishana nazo zinapokea mwanga tofauti. Asiyejiuliza ataona sakafu safi.

Huko huko Japani, Yanagi Sōetsu, aliyeishi kati ya 1889 na 1961, alipigania heshima ya vyombo vya kila siku vilivyotengenezwa na mafundi wasiojulikana: bakuli la wali, kitambaa cha kazi, kikapu. Mwaka 1936 jumba la makumbusho la vyombo hivyo, Nihon Mingeikan, lilifunguliwa Tokyo, nalo lipo mpaka leo. Wapinzani wetu watafurahi kusikia kwamba Yanagi alivutwa kwanza na vyombo vya Korea, vya kigeni. Ni kweli, na hatulikwepi. Safari humgutusha mtu. Tunachosema ni kwamba Yanagi hakuishia kusifu vya Korea na kupiga navyo picha. Alizunguka wilaya za kwao kutafuta nani anafinyanga, nani anafuma, na kwa namna gani. Nusu hiyo ya pili ya safari ndiyo isiyoonekana katika kurasa zenu.

Mona Lisa, tukiwa hapo, ina sentimita 77 kwa 53. Watu hupanga foleni Paris kuitazama kupitia kioo, na tukipata nauli nasi tutapanga. Lakini atakayetoka hapo aseme amejifunza kutazama, tutamuuliza mkeka wa nyumbani kwao umesukwa kwa kuruka moja au mbili.

Kuhusu mikeka ya plastiki hatuna mengi. Ni rahisi, inaoshwa kwa ndoo moja ya maji, na jikoni inafaa. Juani hukakamaa na kumeguka, na usiku wa joto humfanya mlalaji atoke jasho upande mmoja. Anayeutaka wa ukindu udumu aukunje kwa kuuviringisha, kamwe asiukunje mara nne kama shuka, kwa maana jani likivunjika kwenye mkunjo halirudi. Ukipata maji ufutwe na kuanikwa kivulini, kwani jua kali huondoa rangi. Sakafu ya saruji isiyokauka huozesha mkeka kuanzia chini, ukiwa juu bado unapendeza. Unyanyuliwe kila asubuhi.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo na lina masharti. Katika ukurasa wa safari, tengeni robo ukurasa mara moja kwa mwezi kwa kitu kimoja cha nyumbani: kifumbu cha kukamulia tui, mbuzi ya kukunia nazi, pakacha linalosukwa kwa kuti bichi la mnazi na kuwa tayari kabla muuza samaki hajamaliza kupima, kawa la kufunikia chakula. Mwandishi asiandike kwamba ni urithi wa mababu halafu akaishia hapo. Apime kwa rula, ahesabu chane, aulize kinachoharibika na kwa nini. Picha ziwe mbili, ya juu na ya chini, na rula ionekane ndani ya picha. Fundi atajwe kwa jina iwapo ameridhia, kama mnavyomtaja mpishi wa hoteli ya Istanbul, na bei aliyouzia iandikwe pamoja na siku alizotumia.

Wasomaji wenu, wasusi wa ukili,
Tanga